Dohani Iliyotikiswa na Upepo Mdogo

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, mkanipigia makofi, kisha mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu wote, "Mzee Muli, siri ya kazi ni nini?" Nikajikohoza nikasema nidhamu na uvumilivu, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na hakuna aliyetaka hotuba. Sasa nina wakati. Siri hakuna. Kuna mambo niliyoyaona, na kuna moja nililolikosea, na hilo limenifundisha kuliko mengine yote. Nimeona niliandike mwenyewe kabla halijaanza kusimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara sikumbuki ukizungumzwa bila mtu kukasirika.

Nilianza mapema miaka ya sabini, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikaa mtaa wa Jericho, nyumba ya kanisili, yaani ya baraza la jiji, yenye vyumba viwili, baba akichonga vinyago barazani na mama akifagia mabaki ya mbao kutwa nzima. Baba alitaka niwe karani. Mimi nilitaka kazi ambayo mtu akipita anaiona kwa macho. Basi nikawa nikitoka asubuhi kwa miguu, navuka Barabara ya Jogoo, navuka reli, naingia Industrial Area, eneo la viwanda, mpaka nyuma ya ghala moja la magunia, ilipokuwa karakana ya Bwana Pravin. Tulitengeneza vitu vya kupitisha hewa: mifereji ya bati, mafeni makubwa, makoni ya kukusanya vumbi, na dohani za viwanda, zile ambazo watu wengi huziita tu mabomba ya moshi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Ramadhani, mkuu wa wachomeleaji. Naye alikuwa mtu wa Jericho, nyumba chache kutoka kwetu, kofia haimtoki kichwani ila anapovaa ngao ya kuchomelea. Sikupewa nyundo wala koleo. Alinipa kijiti chenye uzi wa sufu umefungwa nchani.

"Zunguka karakana yote," akasema, "halafu uje uniambie upepo unakwenda wapi."

Nilijua nachezewa shere. Kila karakana ina mzaha wake wa kumkaribisha mgeni, na mimi nilikuwa nimeonywa. Nikazunguka haraka haraka, nikarudi. "Unaingia mlangoni, Mzee, unatokea dirishani."

"Rudi."

Nilirudi mara nne. Kufikia saa nane mchana wenzangu walikuwa wamechoka hata kunicheka. Mara ya tano nilipitisha uzi nyuma ya kabati la vyombo, nikaona jambo la ajabu: badala ya kuelekea dirishani, uzi ulirudi nyuma, ukajizungusha, ukaenda kushoto, kisha kulia, kama uliochanganyikiwa. Nikakimbia kumwambia. Mzee Ramadhani akaweka chini vifaa vyake.

"Sasa umeona. Upepo hauna adabu. Ukiuwekea kitu mbele, hauzunguki taratibu kama mgeni anayezunguka mkeka. Ukishapita, huko nyuma unafanya fujo. Kazi yetu yote ni hiyo fujo, kijana. Pengine tunaitaka, pengine hatuitaki, lakini lazima ujue iko wapi."

Kijiti kile nilikaa nacho miaka mingi. Vijana wa sasa mna vifaa vinavyotoa namba. Vizuri. Lakini namba haikuonyeshi kwamba upepo umegeuka na kurudi ulikotoka.

Baada ya mwaka mmoja nikawa mpiga chaki. Hiyo ndiyo kazi ya kuchora juu ya bati bapa mistari ambayo, bati likikatwa na kukunjwa, litakuwa koni au kiwiko. Vyombo vyangu vilikuwa bikari kubwa, rula ya chuma, kamba, sindano ya kuchorea na mfuko wa chaki. Na hapa lazima niwaeleze sheria ya karakana yetu, maana nyinyi hamkuikuta. Tulisema chaki haijibiwi. Mpiga chaki akishaandika jina lake pembeni ya bati, mkataji anakata na mchomeleaji anachomelea. Swali linaulizwa kabla ya jina, mara moja, na jibu likitolewa limetolewa. Ilikuwa sheria nzuri. Kabla yake mafundi wawili walikuwa wamebishana juu ya bati moja mpaka likakatwa mara mbili, likafaa kutengenezea kizibo cha pipa.

Desturi ya pili ilikuwa ya Mzee Ramadhani mwenyewe. Akimaliza mshono alifumba macho na kupitisha kiganja chake juu yake, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama kiganja kilikwaruzwa, kazi ilirudiwa. Sifa ya karakana yetu ilikuwa ulaini. Wateja walisema vyombo vyetu ni laini kama yai, nasi tukavimba vichwa. Kumbukeni hilo la vichwa kuvimba.

Nitawapa mfano mmoja wa kazi ngumu ya miaka ile. Kinu cha unga jirani yetu kilikuwa na koni la vumbi. Kwa msiojua, koni hufanya kazi kwa kuuzungusha upepo makusudi: hewa yenye vumbi inaingia ubavuni, inazunguka kwa kasi, vumbi linatupwa ukutani na kuteremka hadi kwenye pipa, na hewa safi inapanda katikati. Koni la jirani lilikuwa linatema vumbi juu, na kina mama waliouza chai pale langoni walikuwa wakiuza chai ya maziwa hata kwa mteja aliyeagiza ya rangi. Meneja wa kinu alishaamua kwamba feni ni dogo. Mzee Ramadhani akaomba karai la maji, akamwaga majani ya chai ndani, akayakoroga.

"Upepo hauonekani," akamwambia meneja. "Maji yanaonekana. Tazama katikati panavyovuta."

Kisha akaenda moja kwa moja chini ya koni, akasogeza kijiti changu kwenye mdomo wa pipa. Uzi ukanyonywa ndani. Pipa lilikuwa limebonyea, halikuziba vizuri, na hewa iliyoingia pale ilipanda katikati na kubeba vumbi lote lililokuwa limeshakamatwa. Tuliliziba kwa kipande cha tyubu ya gurudumu. Meneja alisikitika kidogo, kwa sababu feni kubwa alikuwa ameshaliagiza.

Nilifanya kazi chini ya Mzee Ramadhani karibu miaka kumi. Nilioa, nikahamia mtaa wa Umoja kwenye nyumba ya chumba kimoja na nafasi ya kuongeza vingine, na bado kila niliporudi Jericho kuwaona wazee wangu nilipita kwake kunywa chai. Alinifundisha bila kunisifu. Nilimpenda, na naandika hivyo waziwazi kwa sababu enzi zile hatukuambiana.

Mapema miaka ya themanini tukapata kazi ya dohani ya kiwanda kimoja cha sabuni. Ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, imeshushwa vipande vipande na kulazwa uani. Agizo lilikuwa rahisi: tengenezeni nyingine kama hii. Urefu futi tisini, upana futi nne. Nikaenda na kamba yangu na daftari, nikapima kila kitu.

Karibu na juu, kwenye theluthi ya mwisho, dohani ile ya zamani ilikuwa na kanda tatu za chuma bapa, upana wa kiganja, zimesimama kwa ubavu na kuizunguka kwa mshazari kama nyuzi za skrubu. Kutu ilikuwa imezila mpaka zimebaki kama meno ya mzee. Nikazitazama. Kupinda chuma bapa kwa ubavu na kukizungusha namna ile ni adha; hatukuwa na kifaa chake, na kazi ilitakiwa Ijumaa. Nikachora dohani bila kanda, nikaandika jina langu pembeni ya bati.

Hapana, nimeruka jambo. Kabla sijaandika jina, Mzee Ramadhani aliuliza.

"Na zile kanda za juu?"

"Urembo wa wazungu tu, Mzee. Au ngazi ya wapaka rangi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Sikuwa na hakika yoyote. Nilikuwa na Ijumaa. Alinitazama kidogo, akatazama chaki, akavaa ngao yake.

Dohani ilisimamishwa, na ilikuwa nzuri ajabu. Ndefu, laini, imenyooka, imepakwa rangi ya fedha. Bwana Pravin alileta mpiga picha. Mimi nilisimama mbele kabisa.

Miezi michache baadaye tukapigiwa simu. Tulienda watatu: Bwana Pravin, Mzee Ramadhani na mimi. Meneja wa kiwanda alituonyesha chini, pale dohani inapokutana na bamba lake la msingi. Kulikuwa na ufa. Ukucha uliingia ndani yake, na ufa ulikuwa umezunguka karibu theluthi moja ya dohani. Boila ilikuwa imezimwa na watu wote wameondolewa upande ule wa ua.

"Hii ni welding mbaya," meneja akasema. "Watu wangu mia mbili wanapita hapa kila siku. Ningezika wangapi?"

Mzee Ramadhani akapiga magoti, akafumba macho, akapitisha kiganja. "Mshono huu ni wangu, na ni mzima," akasema. "Kilichopasuka ni chuma pembeni mwake."

"Imepasuka kwa mshono wako, mzee," meneja akasema.

Bwana Pravin hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na mteja mmoja mkubwa na mchomeleaji mmoja mzee, na mteja ndiye aliyekuwa akipiga kelele. Tuliporudi akamwambia Mzee Ramadhani akae nyumbani mpaka aitwe. Katika karakana za Industrial Area, "mpaka uitwe" maana yake ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Akakusanya vifaa vyake, akavifunga kwenye kitambaa, akanitazama mara moja, akatoka. Habari za kanda hakuzitaja. Nilijiambia amesahau.

Siku ya pili nilitumwa kiwandani kupima mbavu za chuma za kuongezea nguvu chini. Nilimkuta Otieno, mtunza boila, ameketi juu ya debe akila mkate kwa kuwa hakuwa na boila ya kutunza.

"Niambie, fundi," akasema. "Hii bomba yenu mbona inacheza?"

"Inacheza vipi? Upepo ukiwa mkali?"

"Zii. Upepo mkali ukikuja inatulia kama imeambiwa. Ni ule upepo mdogo wa mchana, ule wa kukausha nguo. Hapo ndio inadensi. Nilimwambia meneja, akaniuliza kama nimekunywa."

Nikalala chali kwenye saruji, nikaweka ukingo wa paa la ghala kama alama, nikatazama juu. Upepo ulikuwa wa kawaida kabisa. Nikainua kijiti: uzi ukanyooka kuelekea magharibi, kwa hiyo upepo ulitoka mashariki. Nikatazama dohani. Ilikuwa inayumba, kweli, karibu hatua nzima kule juu. Lakini haikuyumba mashariki na magharibi. Ilikwenda kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, taratibu na bila kuchoka, kama saa ya ukutani. Upepo ulikuwa unaisukuma kifuani, nayo inayumba mabegani. Kisha ukaja upepo mkali uliopeperusha karatasi uani, na dohani ikatulia. Ule mkali ukapita, upepo mdogo ukarudi, ikaanza tena.

Otieno akaniinamia. "Si nilikuambia?"

Tuliifunga kwa kamba za waya pande nne siku hiyo hiyo ili isimwangukie mtu. Lakini nilikwenda nyumbani nikiendelea kujiuliza kwa nini inayumba kwa pembeni.

Jumamosi mchana, uani kwangu Umoja, nilijaza karai maji, nikanyunyizia unga wa mbao juu, nikachukua kipande cha bomba na kukisimamisha majini, nikakivuta taratibu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nyuma yake ule unga ukaanza kujiviringa. Kisulisuli kidogo kikatoka upande wa kushoto, kikabaki nyuma, kikafuata kingine kulia, kisha kushoto, kisha kulia. Kwa zamu, bila kukosea. Na bomba mkononi mwangu lilikuwa linatetemeka kwa pembeni. Kila kisulisuli kilipochomoka kilikuwa kinalivuta kidogo upande wake.

Nikaelewa. Dohani ina mwendo wake wa kuyumba, kama pembea ilivyo na wake. Ukimsukuma mtoto kwenye pembea kwa nguvu bila mpango, hafiki mbali. Ukimsukuma kidogo, kila anaporudi, ataruka mpaka mama yake apige kelele. Upepo mkali ulikuwa unaachia visulisuli upesi mno, nje ya zamu ya dohani. Ule mdogo wa kukausha nguo ulikuwa unasukuma sawasawa na zamu yake, mchana baada ya mchana, mpaka chuma kikachoka na kupasuka chini. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wataalamu wanalijua jambo hili zamani na wana hesabu zake. Hakuna aliyekuwa amezileta Industrial Area.

Kisha nikakata waya mnene, nikauzungusha kwenye bomba kwa mshazari, nikalivuta tena majini. Visulisuli vikavunjika. Kimoja hapa, nusu kule, vingine havikufika hata kujiviringa. Hakuna zamu. Bomba likatulia mkononi.

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Zile kanda tatu hazikuwa urembo; ulaini tuliouvimbia vichwa ndio ulioupa upepo zamu yake.

Mwende, mke wangu, akatoka kudai karai lake. "Umepoteza nini humo ndani?"

"Kazi ya mtu," nikamjibu, na akaacha kuuliza.

Sasa nitawaambia aibu yangu yote, maana nusu haina faida. Jumatatu nilimwendea Bwana Pravin nikamwambia nimepata wazo la kujaribu. Wazo. Sikusema nimekosea. Nilisema tuizungushie dohani kamba nene za katani kule juu, tatu, kwa mshazari, kwa vile boila imezimwa na hazitaungua. Wapandaji wakazifunga. Tukangoja upepo siku tatu. Alhamisi mchana ukaja, ule ule wa mashariki, nikainua uzi kuhakikisha, na waya zikalegezwa.

Dohani haikusogea. Tulisimama nusu saa. Otieno ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Bwana Pravin akanishika mabega. "Muli! Wewe ni injinia!" Meneja akanipa mkono, akasema hajapata kuona akili kama hiyo. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilijiambia sasa mambo yamekwisha, Mzee ataitwa, na hakuna haja ya kufukua ya nyuma.

"Na yule mchomeleaji wangu?" Bwana Pravin akamuuliza meneja. "Naweza kumrudisha?"

Meneja akatikisa kichwa. "Bomba kuyumba ni kitu kimoja. Lakini welding nzuri haingepasuka. Huyo mzee simtaki kwa kazi yangu."

Na Bwana Pravin akaliacha jambo hapo. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikimeza mate mara moja tu, mimi nitakuwa injinia na Mzee Ramadhani atakufa akijulikana kama mtu aliyevunja bomba.

"Welding haina kosa," nikasema. "Bomba la zamani lilikuwa na kanda tatu kule juu, za kuvunja upepo. Niliziona. Nilizipima. Niliziacha kwa kuwa zilikuwa na kazi nyingi. Mzee aliniuliza juu yake, nikamwambia nina hakika ni urembo. Sikuwa na hakika. Hii kamba sikuigundua mimi. Nimerudisha tu nilichokiondoa."

Meneja alisema maneno ambayo sitayaandika, na yote yalikuwa haki yangu. Nikaomba karai, nikawaonyesha kwa bomba dogo, kwanza tupu, kisha lenye waya. Otieno alitazama mara tatu. Bwana Pravin aliliinamia karai mpaka maji yakatulia.

"Kwa nini yeye hakusema?" akauliza.

"Chaki haijibiwi," nikamwambia. "Na alikuwa anangoja niseme mimi."

"Kamlete," akasema. "Wewe tutaongea baadaye." Tuliongea. Kanda za chuma nazo ziliwekwa, akazichomelea Mzee mwenyewe, na dohani ile ilisimama kwa miaka mingi. Lakini kabla ya yote hayo ilibidi nimlete, na kumleta hakukuwa rahisi kama Bwana Pravin alivyodhani.

Nilifika Jericho mchana huo huo. Mlango wake ulikuwa wazi, pazia limeshuka.

"Hodi," nikasema.

Nikarudia, "Hodi." Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. "Hodi, Mzee."

"Nani?"

"Ni mimi, Muli."

Mnajua neno linalopaswa kufuata hapo. Kwa miaka kumi halikuwahi kuchelewa. Siku hiyo halikuja.

"Sema ulichokuja kusema," akajibu kutoka ndani. "Hapo hapo."

Nikasema, nikiongea na pazia. Nilisema yote: kanda, Ijumaa, karai, kamba, sifa nilizotaka kuzipokea. Nilipomaliza pazia likafunguka, akatoka, kofia kichwani. Alikuwa amekonda katika zile siku chache.

"Umewaambia watu wangapi?"

"Watatu. Bwana Pravin, meneja na mtunza boila."

"Watatu." Akaanza kuvaa viatu. "Na mimi nikipita sokoni wananinyamazia wangapi? Twende."

Tulianzia sokoni, kwa Mama Kamene, muuza mboga, akiwa anaosha sukuma wiki kwenye beseni. Mzee Ramadhani akasimama kando, mikono nyuma. Nikaanza. "Mama, lile bomba la kiwandani halikuvunjwa na mkono wa Mzee Ramadhani. Nilikosea mimi."

Mama Kamene akapangusa mikono. "Kumbe! Na mimi juzi nilimpa mkewe pole. Sasa pole nimpe nani?"

Vijana waliokuwa wameegemea kibanda wakacheka. "Niaje, buda," mmoja akaniambia, "ati upepo ndio ulipasua chuma? Wacha zako!"

"Upepo mdogo," nikasema.

"Mdogo tena! Maze, huyu anatubeba ufala, anatuona wajinga."

Nikaomba chupa tupu ya soda na ruhusa ya kutumia beseni. Niliisimamisha chupa kati ya vipande vya majani, nikaivuta. Wakainama wote. Visulisuli vikatoka kushoto, kulia, kushoto. Yule kijana akaniomba chupa, akajaribu mwenyewe mara mbili, kisha akamgeukia Mzee Ramadhani na kumpa mkono kwa adabu, bila Sheng.

Tukaenda kwa kinyozi. Nikasema tena. Tukaenda kwa fundi viatu, aliyekuwa ameshaupamba ufa mpaka dohani ikawa imeanguka na kuua watu. Huyo alikasirika nilipomharibia hadithi. Mwisho tukasimama nje ya msikiti, watu wakitoka swala ya alasiri. Walikuwa kama kumi na watano, wanamjua Mzee tangu ujana wake. Nikasema maneno yale yale.

Mmoja akauliza, "Kwa nini unakuja kutuambia sisi? Sisi hatuna kiwanda."

"Kwa sababu nyinyi ndio mliosikia habari ya kwanza," nikamjibu.

Wakamgeukia Mzee, mmoja mmoja, wakampa mkono. Yeye alipokea kila mkono kwa utulivu, kama mtu anayepokea vyombo vyake alivyowaazima watu. Nililia kidogo. Hakuna aliyenitazama, na nilishukuru kwa hilo.

Tulirudi nyumbani kwake. Akavua viatu mlangoni, akaingia, akaliacha pazia lishuke nyuma yake. Nilisimama nje nisijue kama niende au nibaki. Nilikuwa nimeshageuka niliposikia sauti yake.

"Muli. Piga hodi."

"Hodi," nikasema.

"Karibu."